Nitajuaje kama mahakama ya kijijini imeshatoa hati nikamatwe? Natakiwa nyumbani mwisho wa mwezi

#1 Mkinga wa Uyole
Wakuu, salaam. Niende kwenye mada.

Mwaka 2021 nilikuwa nyumbani Makete. Tukagombana na jirani kuhusu mpaka wa shamba la miti. Yeye anasema nimemkatia paini zake 14, mimi nasema zile paini alipanda marehemu babu kabla jirani mwenyewe hajahamia. Akanishtaki mahakama ya mwanzo, kosa kuharibu mali. Baba mdogo akanidhamini, bondi ya laki tano. Nilihudhuria mara tatu. Mara ya kwanza mlalamikaji hakuja. Mara ya pili hakimu alikuwa safarini. Mara ya tatu tukaambiwa hakimu amehamishwa, mrudi nyumbani, akija mwingine mtaitwa.

Sikuitwa. Mwaka uliofuata nikaja Mbeya, nikaanza utingo, sasa hivi naendesha mwenyewe.

Mwisho wa mwezi tunajengea kaburi la bibi na mimi ndiye mjukuu mkubwa, sina pa kujificha. Jana usiku baba mdogo kapiga simu, ananong'ona kama yuko ndani ya pipa: "Baba, usije kwanza. Mtendaji kapita na karatasi ina muhuri wa mahakama, jina lako lipo." Nikamuuliza imeandikwaje. Baba mdogo hasomi bila miwani, na miwani mtoto aliikalia tangu Pasaka.

Swali langu: kuna njia ya kujua kama hati ya kukamatwa ipo kabla sijakanyaga kule? Nimuulize nani? Kituoni naogopa, isije ikawa "karibu sana, tulikuwa tunakutafuta".

#2 Mzee wa Ulanzi
Nimekaa pale na kikombe changu, nasubiri wajuzi.

#3 Msomi wa Mwanjelwa
Mleta mada tulia. Hiyo kesi imeshakufa. Kuna kifungu cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinasema zikipita siku 60 na upelelezi haujakamilika, mshtakiwa anaachiwa. Tangu 2021 mpaka leo ni siku ngapi? Nenda kajenge kaburi.

#4 Utingo Mstaafu
#3 asije akakupeleka ndani na vifungu vyake. Mimi nasema nenda ukachukue RB kituoni, utajua kila kitu.

#5 Dada wa Ilula
#4 RB ya nini kaka? RB ni namba ya taarifa kwenye kitabu cha polisi. Ukikwapuliwa simu unapewa RB. Haihusiani na hati ya mahakama. Watu mnachanganya mambo halafu mwenzenu anaumia.

#6 Karani wa Zamani
Kamwene wote. Nimefanya kazi masjala za mahakama huku nyanda za juu miaka mingi kidogo, sasa nalima viazi. Naomba nisahihishe.

#3, kifungu cha siku 60 unakijua lakini umekipeleka nyumba isiyo yake. Ile ni Sura ya 20, inatumika kuanzia mahakama ya wilaya na hakimu mkazi kwenda juu. Mahakama ya mwanzo ina utaratibu wake wa jinai, uko kwenye jedwali la Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11. Halafu kwenye mgogoro kama huu mara nyingi hakuna upelelezi wa kusubiriwa. Mlalamikaji mwenyewe anasimama na mashahidi wake, hakimu anakaa, mnasikilizwa kwa Kiswahili, imekwisha.

Mlalamikaji asipofika hakimu anaweza kulifuta shauri. ANAWEZA. Shauri halijifuti lenyewe kama moshi. Lazima hakimu aandike kwenye jalada siku ile, asaini. Sasa mleta mada anasema siku mlalamikaji hakuja yeye alikuwepo. Je, hakimu aliandika nini siku ile? Aliahirisha au alifuta? Hapo ndipo penye jibu, na hapo ni kwenye jalada tu. Si kwa mtendaji wala kwa jirani.

Kuhusu hati yenyewe. Kuna hati inayoombwa na polisi kwa sababu wanamtafuta mtu. Na kuna ile inayozaliwa palepale mahakamani: jina linaitwa, mlangoni linaitwa mara tatu, kimya, hakimu anaandika "mshtakiwa hayupo, itolewe hati ya kumkamata". Ya kwako kama ipo itakuwa ya aina hii ya pili. Na haichachi kama maziwa. Inakaa hai mpaka itekelezwe au mahakama iliyoitoa iifute.

#7 Mkinga wa Uyole
Karani ubarikiwe. Siku ile alisema tu "tarehe nyingine", akatutajia. Alichoandika sikukiona.

#8 Mzee wa Ulanzi
"Haichachi kama maziwa". Kumbe hata ulanzi, pombe yetu ya mianzi, una huruma kuliko mahakama, ukikaa siku mbili tu unabadilika.

#9 Dereva Fuso
Mimi yalinikuta ila si kama mshtakiwa. Mwaka 2019 niliona ajali pale Kitonga, basi na lori. Nikashuka, nikasaidia, askari akaniomba niandike maelezo kama shahidi. Nikaandika, nikaondoka zangu na mzigo wa Tunduma. Nikasahau.

Karibu miaka miwili baadaye nasimamishwa njiani, ukaguzi wa kawaida. Askari anaangalia leseni, anaangalia simu yake, anaangalia leseni tena. "Wewe unatafutwa na mahakama." Miguu ikaisha nguvu. Kumbe wito wa shahidi ulitumwa mara mbili kwenye anwani niliyoandika, na pale mimi nilishahama. Hakimu akatoa hati nipelekwe kutoa ushahidi. Nililala mahabusu usiku mmoja kwa kosa la mtu mwingine, asubuhi nikatoa ushahidi, hakimu akanikemea kidogo na kuniambia nenda.

Kwa hiyo mleta mada usidhani lazima ni hiyo kesi ya paini. Hujawahi kuandika maelezo popote?

#10 Mkinga wa Uyole
#9 sijawahi mkuu. Labda... kuna siku dukani walivunja, niliandika. Ila ni hapa Mbeya.

#11 Dereva Fuso
Haya, umeona. Sasa una mbili.

#12 Mama Parachichi
Nyote mnamwangalia mshtakiwa. Baba mdogo je?

Marehemu mume wangu alimdhamini mpwa wake huku Njombe. Kijana akaenda Chunya kwenye dhahabu, hakurudi. Karatasi iliyokuja nyumbani kwetu ilikuwa na jina la kijana pale juu, lakini aliyeitwa ni mume wangu, aende akajieleze kwa nini asilipe fedha ya bondi. Sisi tulisoma jina la juu tukadhani anatafutwa kijana, tukakaa kimya tukimficha. Kumbe tunajificha wenyewe. Ilibidi tuuze ng'ombe wa maziwa, yule mwenye alama nyeupe usoni ambaye watoto walikuwa wanamwita Dada.

Mtafutie mzee miwani kwanza. Nasema kwa nia njema. Inawezekana kabisa hiyo karatasi ni yake.

#13 Msomi wa Mwanjelwa
Mama Parachichi umenigusa. Na kuhusu #6 nakubali nilikosea kifungu, ila hoja yangu bado ipo, kesi ya miaka yote hiyo nani ataitafuta?

#14 Karani wa Zamani
Hakimu mpya. Anapofika kituo anakabidhiwa mashauri yote yaliyo hai. Anaanza na ya zamani maana ndiyo anayoulizwa na wakubwa kila mwezi, kwa nini huyu wa 2021 bado yupo. Nimeona hakimu amefika Jumatatu, Alhamisi ametoa wito 20. Watu waliodhani wamesahauliwa wakaanza kuitana vilabuni.

Na #12 yuko sahihi, bondi ya laki tano haikwenda likizo.

#15 Mndali Asili
Mimi naona mnatisha mtu bure. Kwetu mtendaji akipita na karatasi yenye muhuri ujue ni michango. Zahanati, madawati, darasa la nne. Mtu akiwa mjini na gari ndiyo kabisa, jina lake linaandikwa la kwanza. Baba mdogo kaona muhuri mwekundu akajua mahakama.

#16 Mkinga wa Uyole
Gari si langu, naendesha la tajiri.

#17 Mndali Asili
Mtendaji hajui hilo.

#18 Nyasa Breeze
Wenzetu Marekani kuna kaunti unaingia tu kwenye tovuti ya sherifu, unaandika jina lako, inakwambia una hati au huna. Huko Texas kaka yangu anakaa, kaunti ya mashambani kabisa, anasema orodha ipo wazi, mpaka majirani wanaisoma kama matokeo ya mpira.

#19 Dada wa Ilula
#18 hata huko si kaunti zote. Zile ndogo unapiga simu kwa karani wa mahakama, na watu wa huko nao wanaogopa kama mleta mada hapa, wanamtuma mwanasheria aulize. Nimeishi huko miaka mitano. Mtu wa Texas na mtu wa Makete hofu yao ni moja, tofauti ni baridi.

#20 Mzee wa Ulanzi
Hebu weka huo mfumo wa tovuti Iwawa, pale Makete mjini, tuone nani atabaki kijijini.

#21 Kijana wa Rujewa
Tahadhari wakuu. Mimi mwaka jana nilipigiwa na mtu anajiita afande, anajua jina langu lote na la mama. "Kuna hati yako hapa mezani, ukituma elfu 80 naizima leo kabla gari halijatoka." Nilishaanza kutafuta hela. Mke wangu ndiye aliyeuliza, hati inazimwaje, ni jiko? Nikashtuka.

Malipo halali ya mahakama yanakwenda kwa kontroo namba, si kwa namba ya simu ya mtu. Na mtu anayekuomba hela ya kuizima hati, awe polisi kweli au feki, TAKUKURU ni 113, bure.

#22 Utingo Mstaafu
Sawa lakini tuwe wakweli, kuna hati zimewahi kuzimwa.

#23 Karani wa Zamani
#22 zilifichwa, hazikuzimwa. Aliyelipa anarudi nyumbani anachekelea, hati inabaki kwenye jalada. Anakuja afande mpya, anafungua faili, "huyu mbona hajaletwa?" Analipa tena. Hati inafutwa na hakimu tu, kwa kalamu, mahakama ikiwa imekaa.

#24 Mkinga wa Uyole
MREJESHO KIDOGO. Nimempigia mtoto wa shangazi, yuko kidato cha pili, nikamwambia aende kwa mtendaji aombe kupiga picha ile karatasi. Mtendaji kamkatalia kuichukua ila kamruhusu kuipiga picha ikiwa mezani. Picha imekuja. Dogo kaipiga kwa simu yenye kioo kilichopasuka, kidole gumba kimefunika kona ya chini. Ninachosoma: muhuri wa mahakama upo. Jina langu la kwanza na la baba yapo, la babu wameandika vingine. Namba ya shauri inaishia na /2021. Halafu kuna mstari unasema "...afike mbele ya mahakama hii bila kukosa tarehe..." na hapo kwenye tarehe ndipo kidole kilipo. Kucha ina udongo wa viazi, naiona vizuri kuliko tarehe.

#25 Dada wa Ilula
"Afike" ni wito, yaani samansi. Hati ya kukamata huwa haiongei na wewe, inaongea na anayekukamata: "unaamriwa umkamate fulani na kumleta". Kaka pumua.

#26 Karani wa Zamani
Dada kasema vema. Ila naomba asipumue sana. Tarehe ikiwa imeshapita na hakufika, wito huo ndio mama wa hati. Mtendaji anaweza kuwa na wito wa mwezi uliopita mezani kwake huku hati imeshatoka mwezi huu kwenda kituoni. Nimeona karatasi zikipishana njiani, masika ikiwa kali ndiyo kabisa.

#27 Mama Parachichi
Na "afike" nani? Jina la mwana liko juu, sawa. Anayeambiwa afike ni nani? Mwambie dogo apige picha tena, safari hii anawe mikono.

#28 Mndali Asili
Jina la babu limekosewa. Inawezekana hata si yeye. Kwetu ukoo mmoja una watu wanne wenye majina mawili yale yale. Binamu yangu aliwahi kulala lokapu kwa ajili ya deni la pikipiki la mtu mwenye jina lake, mpaka walipolinganisha namba ya NIDA.

#29 Msomi wa Mwanjelwa
Lokapu kwa deni? Deni ni madai si jinai, samansi ya madai ukiipuuza unahukumiwa upande mmoja tu, hukamatwi.

#30 Karani wa Zamani
Hukamatwi kwa kupuuza, kweli. Ila ukishahukumiwa ulipe na huna nia ya kulipa, aliyeshinda anaweza kuomba uwekwe ndani kama mfungwa wa madai, na yeye ndiye anayelipia chakula chako. Ndiyo maana ni wachache wanaofika huko, nani anataka kumlisha mdeni wake ugali wa gerezani? Lakini hiyo ni mada nyingine, shauri la mwenzetu ni la jinai.

#31 Mzee wa Ulanzi
Nina watu wawili watatu wananidai. Nipeni muda nifikirie hiyo ya chakula.

#32 Mkinga wa Uyole
Turudi kwangu wakuu. Sasa nifanyeje kivitendo? Niende na wakili? Mtu kaniambia mahakama ya mwanzo wakili haruhusiwi.

#33 Dada wa Ilula
Zamani hawakuruhusiwa kabisa. Tangu 2021 wakili anaweza kusimama mahakama ya mwanzo kama anayeketi ni hakimu mkazi. Ila kwa hili huhitaji kutumia hela ya wakili kuuliza tu. Kuna wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, uliza ofisi ya maendeleo ya jamii halmashauri, watakuunganisha. Dada mmoja wa hivyo kwetu huwa anaenda masjala na rejista anaisoma kwa kidole kama mwalimu.

#34 Karani wa Zamani
Nikujibu kama ningemjibu mwanangu.

Usiende kituoni kwanza na usiende kijijini kwanza. Nenda mahakamani, au mtume ndugu mwenye akili tulivu, na jina kamili, mwaka, na hiyo namba ya shauri. Mahakama ni ya wazi, kuuliza shauri limefikia wapi si kosa. Karani atafungua rejista. Siku hizi mashauri yanasajiliwa kwenye mfumo wa kielektroniki, lakini la 2021 la kituo cha pembezoni usishangae likatafutwa kwenye daftari kubwa lililofungwa kwa uzi wa manila.

Kama hati ipo, jipeleke mwenyewe. Mtu aliyeletwa na pingu na mtu aliyekuja kwa miguu yake hakimu hawaangalii kwa jicho moja. Sema ukweli: tuliambiwa tutaitwa, sikuitwa, nikaenda kutafuta riziki. Omba hati ifutwe na dhamana iendelee. Mchukue baba mdogo muende wote, kitambulisho cha NIDA na barua ya serikali ya kijiji mkononi, na mdhamini wa akiba.

Na usiende Ijumaa. Nairudia: usiende Ijumaa. Dhamana ikikwama saa tisa mchana kwa sababu ya barua isiyo na muhuri, utakula wikiendi yote mahabusu, na Makete mwezi huu blanketi moja halitoshi. Nenda Jumatatu, saa mbili asubuhi uwe umeshakaa kwenye lile benchi la nje.

#35 Kijana wa Rujewa
Ushauri wa Ijumaa uwekwe juu ya uzi.

#36 Utingo Mstaafu
Na mimi bado nasema angepitia kwa mtu kituoni kimyakimya. Karani anaongea kama watu wote ni wema.

#37 Karani wa Zamani
Sijasema ni wema. Nimesema jalada liko wapi.

#38 Nyasa Breeze
Unapita njia gani mkuu? Ya Isyonje–Kitulo au unashuka Chimala upande kona 57 za Matamba?

#39 Mkinga wa Uyole
Kitulo, nitapata lifti ya gari la viazi Jumapili. Mawe na saruji ya kaburi vimeshafika, mifuko 12, imewekwa ndani kwa baba mdogo, anasema analala nayo kama wageni.

#40 Mkinga wa Uyole
Jumatatu, saa nane mchana. Niko nje ya mahakama, mtandao wa shida.

Nilifika saa moja na nusu na baba mdogo. Nimemnunulia miwani ya elfu tano sokoni, anasoma kila bango tunalopita, mpaka tangazo la chanjo ya kuku. Karani ni binti mdogo, mpole. Kafungua rejista, kaliona shauri letu, kaweka kidole, kanyamaza. Nikamuuliza kuna hati? Akasema jalada halipo, limeitwa mahakama ya wilaya pamoja na mengine ya zamani kwa ukaguzi, na kwenye rejista safu ya mwisho imeandikwa kitu kwa penseli na kufutwa. Nimeiona mwenyewe. Inaanza na H.

Nikauliza ile karatasi ya mtendaji je. Akasema hata yeye angependa kuiona, sahihi si ya hakimu wa sasa.

#41 Dereva Fuso
H ya hati?

#42 Dada wa Ilula
Au H ya "halijasikilizwa". Au "hayupo".

#43 Mndali Asili
Sahihi si ya hakimu wa sasa! Niliwaambia. Muulizeni jirani wa paini anajuana na nani.

#44 Karani wa Zamani
#43 taratibu. Inaweza kuwa wito wa hakimu aliyehamishwa, ulikaa kwenye droo ya mtu miaka yote hii. Nimewahi kukuta wito chini ya mguu wa meza, umewekwa meza isicheze. Mkinga, umeandika jina na namba ya simu kwa yule binti kwamba ulifika leo? Kama bado rudi ndani uandike, na mwombe agonge muhuri wa tarehe kwenye nakala yako.

#45 Mama Parachichi
Na mzee alisoma? Karatasi inamwita nani?

#46 Mkinga wa Uyole
Karani nimeandika, amegonga. Mama, karatasi mtendaji kaondoka nayo Njombe kwenye semina, anarudi Alhamisi. Binti kasema jalada likirudi atanipigia, nisiwe mbali. Jioni tunachimba msingi.

#47 Mzee wa Ulanzi
Semina hiyo isijekuwa ya mfumo wa tovuti.

#48 Msomi wa Mwanjelwa
Alhamisi siyo mbali. Ila ikisogea siku moja tu inaangukia Ijumaa.